UZI: Vitabu vya programu na wavuti, vipi vya kubaki navyo na vipi vya kugawa

Mleta mada

Wakuu, habari zenu.

Swali la "nianze na kitabu gani" linarudi kila mara humu, na majibu ni yale yale. Mtu anamwaga majina matano makubwa, mwingine anayarudia, basi. Hakuna anayemuuliza muulizaji anajenga nini. Anayehangaika na ukurasa wake wa kwanza anatupiwa juzuu za The Art of Computer Programming za Donald Knuth, ambaye alitoa la kwanza mwaka 1968 na kazi yenyewe bado hajaimaliza. Mwenye hifadhidata inayogoma saa za msongamano anapewa kitabu cha kuchagua majina mazuri ya vigeu, yaani majina yanayobeba thamani ndani ya programu.

Naweka maoni yangu hapa kwa mkupuo. Ni maoni ya mtu anayekula kwa kuandika kodi (code, maagizo ya kompyuta) za wavuti, si mhadhiri, kwa hiyo yana upendeleo wake. Kipimo changu ni kimoja: zana ikifa, kitabu kinabaki na nini?

Chukueni The C Programming Language cha Kernighan na Ritchie. Toleo la kwanza 1978, la pili 1988, na kurasa hazifiki 300. Wengi wetu hatuandiki C kazini na hatutaandika. Lakini ukikimaliza unajua kwamba neno kwenye skrini ni baiti zilizojipanga kwenye kumbukumbu, na kwamba lazima mtu ajue zinaishia wapi. Siku jina la mteja lenye herufi zenye alama, kama é, likitokea limevurugika kwenye tovuti yako, hutabahatisha. Utajua baiti huenda ni zile zile, ila aliyezisoma katumia jedwali la kugeuza baiti kuwa herufi lililo tofauti na la aliyeziandika. Halafu kuna ule ufupi wao. Jambo linasemwa mara moja, linafuatiwa na mazoezi, mnasonga mbele.

Sasa njooni kwenye vitabu vya fremuweki, yaani mifupa iliyo tayari ya kujengea tovuti. AngularJS ilitoka 2010. Mwaka 2016 ikaja Angular iliyoandikwa upya kabisa, na mwishoni mwa 2021 ile ya zamani ikaachwa bila matunzo. React imekuwa hadharani tangu 2013, lakini toleo la 16.8 la Februari 2019 lilileta mtindo wa kuandika karibu kila kitu kwa fankisheni (kipande cha kodi chenye jina unachokiita kifanye kazi), na vitabu vilivyojaa klasi (mtindo wa kufungasha data na kazi zake pamoja) vikazeeka usiku mmoja ingawa kodi yake bado inafanya kazi. Waandishi hawakukosea chochote. Ni kwamba nyaraka rasmi za fremuweki zinarekebishwa kila toleo, na kitabu hakiwezi. Kwa fremuweki, someni nyaraka. Fedha na macho yenu tunzeni kwa vitabu vya kile kilicho chini yake.

HTML and CSS cha Jon Duckett, 2011, kuhusu lugha za kuandika na kupamba ukurasa wa wavuti. Kitabu kizuri kwa macho kuliko vyote nilivyowahi kushika vya fani hii, na kimewaingiza wengi ambao wangeogopa. Sura za lebo, viungo na fomu bado zinasomeka. Zile za kupanga ukurasa, ziruke. Zinakufundisha kusukumana na float, ujanja wa zamani wa kuegemeza vitu pembeni, wakati vivinjari vikubwa vyote vina njia maalumu za kupanga ukurasa: CSS Grid tangu 2017 na Flexbox kabla ya hapo. Nimeona vijana wanajifunza ujanja ambao sisi tulishukuru kuusahau.

JavaScript: The Good Parts cha Douglas Crockford, 2008, kuhusu lugha inayoendesha kodi ndani ya kivinjari. Chembamba, kina hasira, na kwa wakati wake kilikuwa dawa. Alithubutu kusema wazi kwamba sehemu kubwa ya lugha ni ya kuepukwa. Lakini kiliandikwa kabla ya mabadiliko makubwa ya 2015: hakina let wala const (namna mpya za kutangaza vigeu), hakina promise (ahadi ya jibu litakalokuja baadaye), hakina moduli (kugawa kodi katika vipande vinavyoitana). Leo kinasomwa kama historia. Anayeanza nampeleka Eloquent JavaScript cha Marijn Haverbeke, toleo la nne la 2024, ambacho unakisoma bure mtandaoni. Tahadhari moja tu: wanaokisifia hawasemi kwamba kinapanda ghafla. Sura ya kwanza unatembea, ya tano unahema, ya saba unajenga roboti ya kusambaza vifurushi, na ya kumi na mbili unaandika lugha yako mwenyewe ndogo. Ukikwama pale kwenye lugha, pita, utarudi.

Na sasa kile ambacho ningekinunua mara ya pili kikipotea: High Performance Browser Networking cha Ilya Grigorik, 2013. Nacho kinasomeka bure mtandaoni. Hoja yake kuu ni kwamba kwa ukurasa wa kawaida, kinachokuchelewesha zaidi ni safari ya kwenda na kurudi, si upana wa bomba. Fanyeni hesabu hii. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 hata kama kila kitu njiani ni kamilifu. TCP, itifaki ya kufungua mawasiliano, inataka safari moja ya kusalimiana. TLS 1.2, ya kuyasimba yasisomwe njiani, inataka mbili zaidi. Ndipo ombi lako linaondoka, safari ya nne. Milisekunde 400 zimeshapotea kabla hujapata hata baiti moja ya HTML, na hakuna kifurushi cha intaneti cha kasi zaidi kitakachozirudisha.

Kitabu kimezeeka, nakubali. Kilitoka HTTP/2, toleo jipya la itifaki ya kivinjari na seva, ikiwa bado inaandaliwa (ilikamilika 2015), na TLS 1.3 ya 2018 imepunguza salamu zake hadi safari moja. HTTP/3 imeunganisha salamu zote mbili. Lakini angalieni: haya mabadiliko yote yanatibu ugonjwa ule ule aliouelezea. Ukiwa umemsoma, HTTP/3 unaielewa kwa dakika kumi. Hicho ndicho ninachokiita kubaki na kitu.

Nimechoka kuandika. Ulizeni.

koma_nukta

Mada nzuri mkuu, ila mbona umekikwepa Clean Code? Ndicho kitabu ambacho kila mahali pa kazi wanakitaja.

Mleta mada

Sikukikwepa, nilikuwa nakihifadhi maana najua kitaleta vita.

Clean Code cha Robert C. Martin ni cha 2008. Sura ya majina ni nzuri, isomwe na kila mtu. Sura ya fankisheni ndipo ninapoachana naye. Anasema kanuni ya kwanza fankisheni iwe ndogo, ya pili iwe ndogo kuliko hapo, na kwamba ni nadra ifae kufika mistari 20. Ukisoma unatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha unapewa kazi kwenye kodi ya watu waliomtii kwa asilimia mia. Unataka kujua punguzo la bei linakokotolewa wapi. Unafungua fankisheni ya mistari minne, inakutuma kwa nyingine ya mitatu, hiyo inakutuma kwa nyingine inayobadilisha kigeu cha klasi kimyakimya, na ukifika chini umesahau ulikuja kutafuta nini. Kila kipande ukikiangalia peke yake ni kisafi. Ugumu umehamia kwenye nafasi kati ya vipande, ambako hakuna jina lolote zuri litakalokusaidia.

Ndiyo maana nasema asisomwe peke yake. Mkono wa pili ushike A Philosophy of Software Design cha John Ousterhout, profesa wa Stanford, 2018. Kwake, moduli nzuri ni yenye kina: kiolesura (sehemu anayoiona anayeitumia) kidogo, kazi kubwa nyuma yake. Mfano wake ni namna mfumo endeshi wa Unix unavyoshughulika na mafaili. Miito ya msingi ni mitano tu: open, read, write, lseek na close. Nyuma yake kuna ruhusa, diski, akiba ya kumbukumbu, foleni za kusoma na kuandika, mambo ambayo wewe unayeita read huna haja ya kuyajua. Fankisheni ya mistari mitatu yenye vigezo (vitu vya kuipa unapoiita) vitano ni kinyume chake: mlango mpana, chumba hakuna.

Kwenye komenti, maelezo ya kusomwa na watu ndani ya kodi, nako wamepishana mbali. Martin anaiona komenti kama dalili kwamba umeshindwa kujieleza kwa kodi. Ousterhout anakwambia iandike kabla ya kodi, maana ukishindwa kueleza kiolesura kwa sentensi mbili, usanifu wako ndio una shida. Hapa niko na Ousterhout bila kusita. Kodi inaweza kusema inafanya nini. Kwa nini tunasubiri sekunde mbili kabla ya kujaribu tena malipo, hilo haliwezi kulisema kwa jina la fankisheni, labda jina liwe aya nzima.

Utamu wenyewe ni huu: wazee hao wawili walijadiliana kwa maandishi kati ya 2024 na 2025, na mjadala mzima uko wazi kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhia kodi. Wanabishana urefu wa fankisheni, komenti, na kama majaribio (kodi ya kupima kodi) yatangulie kodi. Sehemu kubwa wanaitumia kuchambua klasi moja ya kutafuta namba tasa iliyomo kwenye Clean Code, ambayo Martin aliitoa kwenye programu ya Knuth na kuikatakata. Ousterhout anaiandika upya kwa fankisheni chache na komenti nyingi. Someni huo mjadala kabla ya kununua kitabu chochote kati ya viwili. Utajifunza zaidi kwa kuwatazama watu wenye uzoefu wa miongo wakishindwa kukubaliana kuhusu ukurasa mmoja wa kodi kuliko kwa kukariri kanuni za mmoja wao.

mpiga_teminali

Hapo sikubaliani nawe mkuu, au tuseme nusu nakubali nusu nakataa. Wewe unaongelea kodi iliyokatwa mno. Mimi nimerithi faili ambalo fankisheni moja inapokea ombi, inakagua fomu, inaongea na hifadhidata, inatuma barua pepe na kuchora HTML, yote humo humo, mistari mia kadhaa. Timu ile ingemsoma Martin hata robo tu, nisingekuwa na mvi. Ousterhout kwa mtu wa namna hiyo ni hatari, atasema "yangu ina kina".

Mleta mada

Hoja imekaa vizuri, na sina ubishi nayo. Martin aliandika kwa watu wa upande wako wa tatizo, na kwao anafaa. Ninachopinga ni kumgeuza sheria ya mapitio ya kodi kwa timu ambayo tayari imevuka upande wa pili. Ila kina cha Ousterhout si urefu. Fankisheni yako ile haifichi kitu, inachanganya kila kitu, na anayeiita lazima ajue yote yaliyomo ili asiharibu. Kwa kipimo chake imeanguka vilevile.

Kwa faili lako hilo, kitabu ni kingine kabisa: Working Effectively with Legacy Code cha Michael Feathers, 2004. Kwake kodi ya urithi ni kodi isiyo na majaribio, hata kama imeandikwa jana. Anachokufundisha ni kutafuta mshono, yaani mahali unapoweza kubadilisha tabia ya programu bila kugusa kodi ya hapo hapo. Ukipata mshono unapenyeza jaribio, ukiwa na jaribio ndipo unathubutu kukata. Mifano yake ni ya Java, C na C++, inachosha, lakini wazo linahama salama hadi PHP na JavaScript. Kati ya vyote nilivyovitaja, hiki ndicho chenye jalada baya na manufaa makubwa.

binti_wa_seva

Na kile cha ruwaza za usanifu, suluhisho zenye majina za matatizo yanayojirudia, cha wale waandishi wanne? Kazini kuna kaka mmoja hawezi kuongea dakika mbili bila kutaja Factory.

Mleta mada

Design Patterns, 1994, ruwaza 23, mifano ya C++ na Smalltalk. Faida yake ni msamiati. Ukisema Observer (kitu kinachowaarifu wengine kikibadilika), mwenzako anajua unamaanisha nini, na hata msikilizaji wa matukio kwenye kivinjari ni ndugu yake wa karibu. Lakini mwaka 1996 tu, Peter Norvig alionyesha kwamba 16 kati ya zile 23 zinarahisika au kutoweka kabisa ukiwa na lugha yenye wepesi zaidi, kama Lisp au Dylan. JavaScript unaweza kupitisha fankisheni kama kigezo, kwa hiyo Strategy (kubadilisha njia ya kufanya kazi) unaiandika mstari mmoja bila kujua kama una Strategy. Usisome kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kitumie kama kamusi, na kaka yako mwambie ataje tatizo kwanza, ruwaza baadaye.

mgeni_hapa

Samahani wakuu, swali la mwanafunzi. Siku hizi akili mnemba inaandika kodi nzima ukiiomba. Kuna haja gani ya kusoma kitabu cha kurasa mia sita?

mpiga_teminali

Dogo kauliza swali ambalo wote humu tunaliogopa.

Mleta mada

Silo swali la kijinga hata kidogo. Vitabu vingine vimekufa kwa sababu hiyo, tusijidanganye. Vile vya mapishi, "namna ya kupakia picha", "namna ya kutuma barua pepe kwa lugha fulani", sioni sababu ya kuvinunua tena.

Lakini chombo hicho kinajibu ulichouliza. Kikikuandikia kodi inayosoma salio, ikapunguza, kisha ikaandika salio jipya, na ukijaribu peke yako inafanya kazi, utauliza nini? Usipojua kwamba maombi mawili yanaweza kusoma salio lile lile kwa wakati mmoja, swali lenyewe halitakujia. Kitabu kizuri kinakupa maswali, na hilo ndilo pengo ninaloliona kwa vijana wanaoomba kazi sasa: kodi ipo, inaenda, lakini ukiwauliza itavunjika wapi, kimya.

Jambo la pili, ukiwa unasoma, andika mifano kwa mikono yako. Usinakili na kubandika, wala usiombe uandikiwe. Ukikosea koma na programu ikagoma, hapo ndipo unaposoma ujumbe wa hitilafu kwa mara ya kwanza kwa makini. Na mazoezi yakiwepo, fanya machache lakini yamalize.

binti_wa_seva

SICP je? Nilitegemea uitaje mapema kabisa.

Mleta mada

Structure and Interpretation of Computer Programs, Abelson na Sussman, 1985, toleo la pili 1996, bure mtandaoni, na kuna toleo la JavaScript la 2022 kwa wanaoogopa mabano ya lugha ya Scheme. Nakipenda, lakini nimechoka na watu wanaokitumia kutisha wageni. Kimeandikwa kwa wanafunzi wa chuo cha MIT, na mifano yake ya hesabu inawafukuza wengi bila sababu. Soma sura mbili za kwanza na mazoezi yake. Sura ya tatu, inayohusu hali inayobadilika, isome baada ya kuumizwa na kigeu kinachobadilishwa na watu watatu. Ya nne na ya tano ni za raha zako.

Kwa usalama wa wavuti, kwa kuwa hakuna aliyeuliza: The Web Application Hacker's Handbook, toleo la pili 2011, kilikuwa msahafu. Waliokiandika hawakutoa toleo la tatu la karatasi. Maarifa hayo yamehamia kwenye darasa la mtandaoni, Web Security Academy, bure, na mazoezi unayafanya moja kwa moja kwenye kivinjari. Fani inayobadilika kwa kasi ile ilistahili kuhama.

koma_nukta

Mkuu nimalizie langu. Natunza tovuti ya duka, nimepata likizo, nina nafasi ya kitabu kimoja tu. Nipe kimoja, usinipe orodha.

Mleta mada

Niambie kwanza inauma wapi. Ukurasa unachelewa? Kodi haieleweki? Data inakosewa?

koma_nukta

Data. Wateja wawili wananunua bidhaa ya mwisho, wote wanapata ujumbe wa hongera. Haitokei kila siku ila ikitokea ni kelele.

Mleta mada

Basi ni Designing Data-Intensive Applications cha Martin Kleppmann, toleo la 2017, na usianze sura ya kwanza. Nenda moja kwa moja sura ya saba, miamala, yaani amri kadhaa zinazofanikiwa zote au kufeli zote. Tatizo lako lina jina mle ndani. Na kuna mfano wa tatizo la jirani yake, madaktari wawili walio zamu ya usiku: kila mmoja anaangalia, anaona mwenzake yupo, anajitoa, na wodi inabaki bila daktari. Hakuna aliyeandika juu ya data ya mwenzake, na bado matokeo ni mabaya. Ukiuelewa huo, utaelewa kwa nini kufunga kila kitu ndani ya muamala si kinga yenyewe, inategemea ngazi ya utengano, yaani miamala inayoenda sambamba inaruhusiwa kuonana kiasi gani. Hifadhidata ya PostgreSQL usipoigusa iko kwenye ngazi ya read committed, MySQL yenye InnoDB (injini yake ya kuhifadhi) iko kwenye repeatable read, na Kleppmann anaonyesha kwamba jina hilo la repeatable read halimaanishi kitu kile kile kwenye kila hifadhidata.

Kabla hujaanza likizo lakini, fungua kodi ya kununua. Kama unasoma idadi kwanza, unaikagua kwenye programu, kisha unaandika idadi mpya, hapo ndipo tatizo lilipo. Ifanye amri moja: punguza moja kwenye bidhaa hii ikiwa idadi ni zaidi ya sifuri, kisha angalia ni safu (rekodi) ngapi zimeguswa. Ikirudi sifuri, mteja wa pili aambiwe imeisha.

koma_nukta

Nimefungua sasa hivi. Ni hivyo hivyo ulivyosema, inasoma kwanza. Na kati ya kusoma na kuandika kuna mwito wa kwenda kwa mtoa huduma wa malipo.

Mleta mada

Ala! Sekunde nzima hapo katikati. Basi usipunguze baada ya malipo. Shikilia bidhaa kwanza kwa muda maalumu, malipo yakikwama iachie. Na usikae ndani ya muamala ulio wazi ukimsubiri mtu wa nje. Weka kipande hicho hapa, toa majina na siri za seva, tukiangalie pamoja.